Aliyekuwa msaidizi wangu saiti sasa ndiye bosi. Nikubali kazi?

Dada, shikamoo.

Nina miaka 37, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina mume na watoto watatu. Mimi ni fundi umeme, au niseme nilikuwa. Nilipata stashahada ya uhandisi umeme Chuo cha Ufundi Arusha mwaka 2012, nikaajiriwa na kampuni ya ukandarasi. Tulikuwa tunafunga umeme kwenye majengo: kutandaza paipu kabla ya zege, kuvuta nyaya, kufunga bodi, kupima. Mafundi tulikuwa 14, mwanamke peke yangu. Mwisho wa 2017 mimba ya pili ilinilaza, wa kwanza akiwa na miaka miwili, nikaaga. Nilisema napumzika mwaka mmoja. Baadaye akaja wa tatu, na ule mwaka ukawa miaka minane. Januari hii huyo wa tatu ameanza darasa la awali, na asubuhi nyumba inakuwa kimya mpaka naogopa.

Novemba niliitwa usaili kwenye kampuni moja. Mzee mmoja aliupitia wasifu wangu, akavua miwani, akauliza, "Kuanzia 2018 ulikuwa wapi?" Nikajibu, "Nilikuwa nyumbani tu." Hawakunipigia simu tena.

Sasa limetokea jingine. Kuna kijana alikuwa msaidizi wangu enzi zile. Alikuja saiti hajui hata kushika plaizi, mimi ndiye niliyemfundisha. Leo ni msimamizi wa umeme kwenye jengo la ghorofa tano njia ya Mtumba. Tulikutana sokoni, akaniambia, "Fundi, njoo tufanye kazi. Anza na elfu 25 kwa siku, ukishika mkono tunaongeza." Mafundi wake wengine wanalipwa 40,000.

Nikaenda kuangalia. Alinifungulia bodi moja, umeme ukiwa umezimwa, akasema nimalizie kufunga nyaya za nyutro, zile zinazorudisha umeme. Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye waya mweusi. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Fundi, hiyo ni fezi." Yaani waya unaoleta umeme. Sisi kule tulizoea fezi nyekundu, njano, bluu, na nyutro nyeusi. Chuoni walitufundisha na rangi mpya, ninazijua, lakini mkono haukuzijua. Tangu siku hiyo usingizi hauji vizuri.

Mume wangu hanikatazi. Alichofanya ni kuchukua kalamu. Elfu 25 mara siku 26 ni 650,000. Akatoa dada wa kazi 150,000, nauli 104,000, chakula cha mchana 78,000, masomo ya ziada ya watoto kwa kuwa sitakuwepo kuwasimamia 60,000. Ikabaki 258,000. Akaniuliza, "Hii ndiyo ya kukutoa nyumbani saa 11 alfajiri?" Sikuwa na jibu.

Rafiki yangu ananishauri nikiandika upya wasifu niseme miaka yote minane nilikuwa mkandarasi binafsi. Si uongo kabisa, maana mwaka 2022 nilifunga umeme nyumba nzima ya mdogo wangu Kondoa, ingawa leseni yangu ya EWURA ilishaisha muda tangu 2019. Mtaani bado wananiita fundi. Mwaka 2024 mita za LUKU zilipokuwa zinaboreshwa, walijaa mlangoni kwangu, tarakimu 20 mara tatu, mtu akikosea moja tu anasema mita imekufa. Lakini hiyo nayo utaiita kazi?

Nisaidie, dada. Nikubali kuwa chini ya mtu niliyemfundisha? Na hiyo miaka minane niifiche vipi? Viatu vyangu vya saiti bado viko chini ya kitanda, huwa navipaka rangi kila mwaka, sijui kwa nini.

Mama Watatu, Dodoma

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na ule waya mweusi. Ndio uliokunyima usingizi, na katika barua yako yote ndicho kitu pekee kinachoweza kuua mtu. Mengine ni hela na heshima, tutayafikia.

Rangi ulizozoea tulizirithi kwa Waingereza, na wenyewe wameshaziacha: mwaka 2004 waliruhusu mpya, na kuanzia Aprili 2006 kazi yoyote mpya kwao ikawa lazima itumie kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, bluu kwa nyutro. Angalia mtego ulipo. Nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa fezi. Bluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro. Kama wangeleta zambarau na pinki mkono wako ungesita, ungeuliza. Lakini wamechukua rangi mbili unazozijua na kuzibadilishia viti, kwa hiyo mkono hausiti. Mkono wako ulifanya sawasawa kile ulichoufundisha kwa miaka mitano. Haukusahau kitu, na tatizo ni hilohilo kwamba haukusahau.

Nimezungumza na fundi mmoja wa siku nyingi kabla ya kukujibu. Aliniambia asiyewahi kuacha kazi naye yumo kwenye hatari hiyohiyo, pengine zaidi, kwa sababu siku hizi kwenye jengo moja lililoongezewa vyumba utakuta bodi ya chini ina rangi za zamani na ya juu ina mpya, na aliyefunga hayupo. Yeye rangi anazitumia kukisia tu, kipimo ndicho kinachomwambia ukweli. Hugusi mpaka umepima, na kabla ya kupima unakijaribu kwanza kipimo chenyewe mahali unapojua umeme upo. Hayo unayajua. Nayarudia kwa sababu barua yako imejaa aibu, na aibu ndiyo inayomfanya mtu aruke hatua ya kupima ili asionekane mgeni.

Dawa yake ni ndogo na ya bei nafuu. Nunua kipande cha plaiwudi, bodi ndogo, breka nne, na nyaya mita chache za rangi zote, za zamani na mpya. Pigilia ukutani stoo. Usiunganishe na umeme. Jioni watoto wakilala ifunge, ifumue, ifunge tena. Leo rangi mpya, kesho za zamani, keshokutwa funga upande mmoja wa zamani uungane na upande wa mpya. Wiki tatu za namna hiyo mkono utaanza kusita penye mweusi, na kusita ndiko tunakokutafuta. Kama una nafasi zaidi ya hapo, ulizia kozi fupi VETA hapohapo Dodoma. Utapata karakana na mtu wa kukusahihisha. Lakini plaiwudi usiache.

Mengine ya kazi yako yamekaa palepale ulipoyaacha. Saketi ya volti 230 bado unaipima uimara wa insulesheni kwa volti 500, na ikisoma chini ya megaohmu 1 huiwashi. Breka ya kuvuja umeme inayomkinga mtu bado ni ya miliampia 30. Paipu bado zinatangulia zege. Usije ukakimbilia kusomea sola sasa hivi kwa sababu tu kila mtu anaimba sola. Rudi kwanza mahali unapopajua.

Kabla ya yote hayo, hata kabla ya kumjibu huyo kijana, shughulikia leseni. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ile nyumba ya Kondoa usiitaje kwenye wasifu wala usaili. Ulifunga umeme leseni ikiwa imekufa, na mwenye kuusoma wasifu akiwa mtu wa kazi hiyo ataona tarehe mbili ataweka kalamu chini. Najua mafundi wangapi mtaani wanafanya hivyo kila siku. Wewe una cheti cha kukupa leseni, huna sababu ya kujiweka kundi hilo. Peleka maombi EWURA, na wakati unasubiri muombe fundi mwenye leseni hai aende Kondoa aipime upya. Mdogo wako analala mle ndani na watoto wake.

Ushauri wa rafiki yako utupe. Mkandarasi si neno la kujipachika. Makandarasi wanasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na mzee yule mwenye miwani anaweza kuulizia jina lako akalikosa, halafu hata miaka yako mitano ya kweli ikaonekana ya kutunga. Andika: "2018 hadi 2025, malezi ya watoto." Mstari mmoja, bila kuomba radhi, na chini yake tarehe ya leseni mpya. Sasa ukiulizwa ulikuwa wapi, kosa lako la Novemba halikuwa kusema nyumbani. Lilikuwa ni lile "tu". Sema, "Nilikuwa nalea watoto watatu, wa mwisho ameanza shule, leseni nimeihuisha, na hizi wiki nimekuwa nikifunga bodi kwa mazoezi." Halafu nyamaza. Akitaka kujua zaidi mwambie habari ya LUKU. Si ya kuiweka kwenye wasifu, lakini kazi ile naikumbuka. Mtaani kwetu tulimtafuta wa kutusaidia tukakosa. Kundi la kwanza la tarakimu, la pili, ndipo uniti zenyewe, na mtu mzima anatetemeka mbele ya mita kama anafungua kasiki ya benki. Kwako walikuja kwa sababu wanajua nani mtaani anaelewa umeme. Mwajiri mwenye akili ataelewa.

Sasa kijana wako.

Kubali. Nakwambia kubali kwa sababu ya namna alivyokusahihisha: taratibu, wengine wasisikie, na akakuita Fundi. Mtu wa kukukomoa angepaza sauti. Saiti ngapi utapata msimamizi anayejua thamani yako kabla hujaithibitisha? Ila mtangulie kwa maneno. Kabla ya siku ya kwanza mwambie, "Hapa wewe ndiye msimamizi. Ukiniona nakosea nisahihishe kama fundi mwingine yeyote, usinionee haya." Akiwa anakuonea haya utafunga kitu vibaya na yeye atapita kimya. Mbele ya wengine mwite anavyoitwa na wengine. Naye akiendelea kukuita Fundi, mwache.

Nakwambia haya nikiwa na langu la kukiri. Mimi nilikuwa maabara ya hospitali, nikakaa nyumbani miaka sita na watoto. Niliondoka tunahesabu chembe za damu kwa jicho kwenye hadubini, kidole kinabonya kihesabio, nikarudi nikakuta mashine inahesabu kwa dakika moja. Aliyepewa kunielekeza alikuwa binti aliyewahi kufanya mafunzo kwa vitendo chini yangu. Siku nne nilitikisa kichwa kila anachosema, naelewa, naelewa. Siku ya tano nilirudia sampuli za wagonjwa 11, wengine ilibidi wachomwe sindano upya, kwa sababu kulikuwa na swali moja la kitoto kuhusu kutikisa chupa kabla ya kuingiza nikaona siwezi kumuuliza yule. Mmoja wa hao 11 alikuwa mtoto mchanga. Kwa hiyo uliza wiki ya kwanza, maswali yote ya kijinga yaishe wiki hiyohiyo.

Kwenye pesa usiwe mpole hivyo. "Ukishika mkono" si tarehe. Kubali 25,000 kwa miezi mitatu, na iandikwe kwamba mwezi wa nne mnakaa na unalipwa kama fundi mwenye leseni. Usiingie kama kibarua wa kulipwa jioni mkononi. Dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Ujue pia kwamba miezi sita ya mwanzo kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki bado haijakufikia, ndiyo maana hiyo karatasi ina maana zaidi kwako kuliko kwa wenzako waliotangulia. Michango ya NSSF iendelee kwenye namba yako ileile ya zamani, usikubali kufunguliwa mpya. Pensheni inadai michango ya miezi 180, na kama kampuni yako ya kwanza ilikuwa inapeleka, una kama 60 tayari. Hiyo 60 imelala pale inakusubiri.

Hapo ndipo hesabu ya shemeji inapoyumba, maana hakuiweka. Lakini ina kosa jingine ambalo wewe kama fundi ungepaswa kuliona palepale mezani: mzigo wote ameupakia fezi moja. Dada wa kazi, fezi yako. Masomo ya ziada, fezi yako. Fezi yake haina kitu, halafu anashangaa kwa nini yako ina volti ndogo. Rudini mezani na kalamu hiyohiyo. Dada wa kazi na masomo ni vya watoto wa nyumba nzima, vigawanywe kwa mishahara yote miwili. Kwako waache nauli na chakula. Ikiwa mtagawana nusu kwa nusu, ile 258,000 inakuwa 363,000, na mwezi wa nne ukilipwa kama wenzako inakaribia laki saba na nusu. Simsemi vibaya mumeo. Mwanaume anayepiga hesabu badala ya kukataza ni mtu wa kuzungumza naye.

Muulize na jambo la usiku wa kuamkia zege. Unajua ilivyo: zege likipangwa kumwagwa asubuhi, paipu za slabu lazima ziwe zimelala na kufungwa, na mafundi umeme huwa ndio wa mwisho kuondoka. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku ina nyongeza yake. Lakini sheria haitampa mtoto wa awali uji saa 1 jioni. Jengo la ghorofa tano usiku wa namna hiyo unahesabika. Mwombe kijana ratiba ya zege, ibandike kwenye friji, na usiku huo baba awe nyumbani saa 12. Hilo likubaliwe kabla hujaripoti kazini, lisije likawa ugomvi wa simu wewe uko juu ya slabu.

Na kama moyoni unajiuliza iwapo umechelewa, sikuona mahali popote kwenye barua yako panapoonyesha hivyo.

Ila viatu hivyo usivivae. Rangi umepaka juu, lakini soli za viatu vingi vya usalama zikikaa miaka bila kuvaliwa huoza zenyewe ndani kwa ndani, hata kama zinang'aa. Vitoe nje, ukunje kimoja kwa nguvu. Soli ikipasuka au ikimomonyoka kama biskuti, nunua vipya kabla hujanunua hata testa.